Mstari wa Bi Mkubwa

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Siwema alimwamkia Bi Mkubwa. Alimpapasa ubavu kwa kiganja, akavuta trei, akazipepea karatasi kama mtu anayechochea jiko, akazirudisha, kisha akaisukuma trei kwa nyonga kwa sababu kwa mkono haikukubali. Halafu alimpiga mgongoni makofi mawili, la kwanza dogo, la pili la kumaanisha. Bi Mkubwa alikohoa, akanguruma, akatema ukurasa wa majaribio wenye maneno mawili: "Niko tayari."

Bi Mkubwa ilikuwa printa. Lakini hakuna aliyethubutu kuiita hivyo mbele yake, kwa kuwa ilikuwa ikiudhika na kukwama.

Ukurasa ule wa majaribio Siwema aliuweka kwenye faili. Wizara ilikwisha agiza kwamba kila barua inayoingia ijibiwe ndani ya siku kumi na nne, bila kujali imetoka kwa nani. Kwa hiyo kwa miaka minne alikuwa akimwandikia Bi Mkubwa kwa niaba ya Waziri: "Tumepokea barua yako. Suala lako linafanyiwa kazi."

Jumatano ile mkono wake uliganda juu ya faili. Aliutazama ukurasa, akaugeuza, akaupeleka dirishani penye mwanga. Pembeni kushoto, mahali palipotakiwa kuwa na Mstari, palikuwa peupe kabisa.

"We Siwema," alisema Chausiku, karani mwenzake, aliyeingia na kikombe cha chai alichokificha ndani ya bahasha ya serikali. "Mbona umepauka? Umeandikiwa barua ya kuachwa?"

"Mstari haupo."

Chausiku aliweka bahasha chini polepole, chai ikaanza kuvuja upande wa anwani.

Nchi yenyewe tunaomba radhi kwamba hatuwezi kuitaja. Jina jipya la nchi lilipelekwa kuchapwa mwaka juzi, likapangwa kwenye foleni nyuma ya hotuba za Waziri, na hadi leo halijatoka. La zamani lilikuwa limeshafutwa. Wananchi wamezoea, wakiulizwa mpakani wanatoka wapi, huonyesha kwa kidole.

Ni nchi yenye nidhamu. Wizara nne zilitumia jengo moja, na jengo zima lilitumia printa moja, iliyowekwa koridoni ghorofa ya pili, jirani na choo cha wanaume, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na soketi isiyotoa cheche. Kila afisa aliyetuma waraka alitakiwa kuusindikiza: alitoka ofisini kwake mbio, akasimama mbele ya Bi Mkubwa na mikono imekingwa kama anayepokea mtoto kwa mkunga, ili mwingine asiusome. Bwana wa Idara ya Siri alisindikiza zake akiwa ametazama ukutani, asije akazisoma yeye mwenyewe.

Tena Bi Mkubwa alikuwa na tabia moja isiyoelezeka: hakuchapa ukurasa wa saba. Wa sita alitoa, wa nane alitoa, wa saba aliumeza. Mwanzoni maofisa walilalamika. Baadaye waligundua raha yake. Sheria zote za nchi zikawa hazina ukurasa wa saba, na kila jambo ambalo serikali ilitaka kulifanya bila kulieleza likawa limo humo.

Ndipo tuje kwenye Mstari.

Mstari ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukishuka kutoka juu hadi chini ya kila karatasi, upana wa kidole gumba kutoka pembeni. Ulitokea ghafla miaka minne iliyopita. Wizara ikachunguza, ikaona kwamba karatasi za mtaani hazina mstari huo, za Bi Mkubwa zote zinao. Basi ukatangazwa kuwa alama ya uhalali. Likafunguliwa Dirisha la Mstari, hatua sita kutoka kwenye mashine, akawekwa Bwana Makungu na rula ya chuma na muhuri. Karatasi ambayo haijapimwa na Makungu haikuwa karatasi. Baada ya mwaka Mstari uliingizwa kwenye bendera. Watoto wa darasa la kwanza walifundishwa kuuchora kabla ya herufi. Na katika Siku ya Mstari, Waziri alifafanua maana yake uwanjani: upande mpana ni wa wananchi, ule mwembamba ni wa viongozi, kwa kuwa viongozi wamejinyima. Watu walipiga makofi hadi wakaambiwa inatosha.

Siwema hakupiga makofi siku ile. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, mkono mmoja kichwani, ameshika pini ya nywele.

Kwa maana ni yeye. Wiki yake ya kwanza kazini karatasi ilikwama tumboni mwa Bi Mkubwa, maofisa wanne wakawa wanamfokea kwa zamu, naye kwa hofu akachomoa pini nyweleni, akaichokoa karatasi ikatoka. Iliyofuata ilitoka na mstari. Alingoja mtu amuulize. Angeulizwa angesema mara moja, machozi yalikuwa karibu. Hakuna aliyemuuliza. Walipokuja kuuliza, waliuliza tu kama ameshanunua kitambaa cha sherehe.

Alijaribu kukiri kwa maandishi. Siwema ni mtu wa haya. Hata mlango wa choo huugonga kwa ukucha. Barua yake ilianza kwa salamu, ikaomba radhi kwa usumbufu, ikaomba radhi kwa urefu, ikaeleza malezi yake, shule yake, nia yake njema, na hali ya hewa ya siku ile. Neno lenyewe liliangukia ukurasa wa saba. Bi Mkubwa aliumeza. Waziri alipokea kurasa sita za heshima tupu, akampandisha cheo kuwa Karani Mwandamizi wa Mashine.

Walipokuwa bado wamesimama na ukurasa ule mweupe, alipanda ngazi kijana mmoja na begi la vyuma, akipiga mluzi. Alikuwa Fundi Mbaruku, aliyeajiriwa Jumatatu kutoka kisiwa kimoja ambako serikali huandika kwa mkono. Alikuwa mtu pekee jengoni aliyemsalimia Siwema kabla ya kumtuma.

"Dada Siwema! Umemwona bibi?" alisema akitabasamu. "Jana ulipotoka nilimbadilishia dramu, kile kigogo cha mviringo cha ndani kinachobeba wino. Cha zamani kilikuwa na mkwaruzo, ndiyo maana alikuwa anachora uchafu pembeni. Sasa karatasi zinatoka nyeupe kama shuka la harusi. Na kile kigugumizi chake cha ukurasa wa saba nimekitibu. Zilizokwama kwenye kumbukumbu zitatoka zenyewe akizimwa na kuwashwa."

Chausiku alijiziba mdomo. "Umesema uchafu?"

"Kwani ule si uchafu?"

"Kaka yangu," alisema Chausiku kwa sauti ya msibani, "huo uchafu upo kwenye bendera."

Mbaruku alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, alimtazama Siwema. Siwema akatazama viatu vyake.

Saa mbili kamili milango ilifunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mmoja aitwaye Nyamizi, aliyelala safarini siku mbili, na mwanawe Shija, miaka sita, ameshika pindo la kitenge chake. Macho yote mawili ya Shija yalikuwa na utando mweupe. Hakutazama kitu, aligeuza sikio kuelekea kila sauti.

"Dada, shikamoo," alisema Nyamizi, ingawa ni yeye aliyekuwa mkubwa.

"Mama, usiniamkie, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Naomba barua ya mtoto, ya kutibiwa. Madaktari wa macho wanakuja mara moja kwa mwaka, wameniambia ni leo. Gari lenyewe lile pale uani, linaondoka saa nane. Mwaka jana barua ilitoka gari limeshaondoka. Wakaniambia akifika miaka saba bila kutibiwa, macho yanakuwa yamesahau kuona."

"Mwezi ujao natimiza saba," alisema Shija kwa fahari.

Siwema alichapa barua ile. Ilitoka safi. Alizipiga zile hatua sita hadi dirishani.

Bwana Makungu alivaa miwani, akalaza rula, akapima. Akahamisha rula, akapima tena. Akaigeuza karatasi, akapima mgongoni.

"Hii ya kughushi."

"Kaka Makungu, umeniona nikiichapa. Upo hapa hapa."

"Nimekuona. Nimeshuhudia ughushi kwa macho yangu mawili na bado nakuita dada. Shukuru Mungu." Alisukuma barua nyuma kwa ncha ya rula. "Mimi nimeajiriwa kupima. Kisichopimika hakipo. Anayefuata!"

Anayefuata naye hakuwa na Mstari, wala aliyemfuata. Kufikia saa nne foleni ilishuka ngazi, ikazunguka ua, ikapita mbele ya lile gari la wagonjwa. Hakimu mmoja alirudi kuuliza kama yeye bado ni hakimu. Bibi harusi alikuja na cheti cha asubuhi ile. Makungu akamwambia arudi kwao kwa muda. Kila baada ya dakika chache mtu aliinuka, akachungulia saa ya ukutani, akakaa, akainuka tena. Shija aliuliza, "Mama, gari linanguruma. Linaondoka?" Nyamizi akajibu, "Linapasha moto tu," akakaza fundo la kitenge ambalo lilikuwa limekaza tangu asubuhi.

Saa tano Waziri alifika, kwa njia ya jikoni. Walinzi walikuwa wamemzuia getini, kwa kuwa kibali chake cha siku hiyo kilichapwa saa mbili na hakikuwa na Mstari. Suti yake ilikuwa na unga begani. Alipanda juu ya ndoo ya kufanyia usafi iliyogeuzwa, akakohoa kama Bi Mkubwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "ninyi mliopo na ninyi mliothibitishwa kuwapo. Yapo maneno yanazagaa kwamba Mstari umepotea. Nakanusha. Taifa lenye Mstari haliwezi kupotelewa na Mstari, kwa sababu likipotelewa litakuwa taifa lisilo na Mstari, na sisi si taifa hilo. Mstari haujapotea. Mstari umeibwa!"

Watu waliguna. Wengine walijipapasa mifukoni.

"Na mwizi," aliendelea Waziri, "amekwisha kukiri mbele ya karani kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ameutoa."

Chausiku alitazama dari. Mbaruku alisukumwa mbele na walinzi wawili, bisibisi bado mkononi.

"Mheshimiwa, mimi nilibadilisha dramu. Ilikuwa imechakaa."

"Mnasikia? Ametaja na silaha."

"Nashtakiwa kwa sheria gani?"

"Sheria ya Ulinzi wa Mstari, ukurasa wa saba."

"Naweza kuusoma?"

"Kijana," alisema Waziri kwa upole wa kweli, "hakuna aliyewahi kuusoma. Ndiyo maana tunauheshimu."

Walimfungia kwenye stoo ya karatasi, mlango unaotazamana na Bi Mkubwa. Waziri aliunda hapo hapo Tume ya Kuutafuta Mstari, wajumbe kumi na mmoja. Barua zao za uteuzi zilichapwa, Makungu akazipima, akaikamata tume nzima.

Saa sita na nusu Waziri alimvuta Siwema kando, hadi mlangoni mwa choo.

"Binti yangu," alinong'ona, "wewe ndiye unayemjua huyu bibi. Mimi si mtoto, najua mashine ni mashine. Mstari urudi kabla ya saa nane. Sitauliza umerudije."

"Ukirudi, yule mama atapata barua?"

"Dakika hiyo hiyo. Nitamkabidhi mwenyewe, waandishi wapige picha."

"Na Fundi?"

"Ah, ukirudi ndiyo vizuri zaidi. Maana yake aliuficha, tukambana, akautoa. Ushahidi umekamilika. Miaka kumi. Kumi na miwili kama ukurasa wenyewe ni mrefu." Alimpigapiga begani, akamwachia unga kidogo. "Wewe ni msikivu. Kurasa zako sita nimeziwekea fremu."

Siwema alirudi kwa Bi Mkubwa, akafungua mlango wake wa mbele. Ndani dramu mpya iling'aa kijani, laini, haina hata alama ya kidole. Alichomoa pini nyweleni. Nywele zikamwangukia usoni, akazipuliza.

Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Aliijua njia; mkono wake ulikuwa umeikariri kwa miaka minne. Upande huu Nyamizi alikuwa amemweka Shija magotini, amemwekea kiganja machoni kama anayeyahifadhi yasisahau. Upande ule, mlango wa stoo.

Kutoka nyuma ya mlango ule sauti ilisema, "Dada Siwema? Nimesikia umemfungua bibi. Usiiguse dramu kwa kidole, dada. Inashika alama haraka."

Pini ilikaa hewani. Koridoni watu walikuwa wakihesabu dakika kwa sauti. Uani dereva alipiga honi moja fupi, ya kuita. Nyamizi alisimama, akakaa, akasimama.

Siwema aliufunga mlango wa Bi Mkubwa kwa nguvu hata soketi ikatoa cheche yake ya kwanza. Mashine ikazima. Ikanyamaza. Halafu ikawaka yenyewe, bila makofi, ikaanza kutema.

Haikutema "Niko tayari". Ilitema ukurasa wa saba wa Sheria ya Maji, ukurasa wa saba wa hotuba ya bajeti, wa saba wa mkataba wa bandari ambao ulikuwa na saini nyingi kuliko maneno. Kurasa ziliruka, zikajaa sakafuni. Bwana wa Idara ya Siri alizikimbilia akiwa amefumba macho. Ilitoka Sheria ya Ulinzi wa Mstari, ukurasa wa saba, Chausiku akaudaka, akasoma kwa sauti kabla hajakumbuka kuogopa:

"'Ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi.'"

"Hauna Mstari!" alipiga kelele Makungu kutoka dirishani. "Usisomwe!"

Mwisho kabisa, taratibu, ukatoka ukurasa mmoja ambao Siwema aliujua kabla haujaisha kutoka. Herufi zilikuwa zake, na woga ulikuwa wake. Aliuokota ukiwa bado wa moto. Akaenda nao hadi kwenye ndoo aliposimama Waziri, akaunyoosha kwa mikono miwili, kichwa chini, kama alivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

"Mheshimiwa. Ni ule uliobaki wa barua yangu."

Waziri alinyoosha mkono. Rula ya chuma ikapita katikati. Makungu alikuwa ametoka dirishani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku jengo liliposhika moto.

"Samahani, mheshimiwa. Kazi ni kazi." Alipima. "Hauna Mstari. Wa kughushi. Huu hausomeki."

Waziri aliurudisha mkono wake haraka na kuuingiza mfukoni. "Umemsikia, binti yangu. Mimi siwezi kusoma karatasi isiyo halali. Nitakuwa nimevunja sheria niliyoitunga. Kama una la kusema, liandike upya, lichapwe Mstari ukisharudi, lipimwe, lije mezani kwangu."

Honi ilipiga tena uani, mara mbili safari hii.

"Mama," alisema Shija, "yule dada analia?"

Siwema alikuwa akilia kweli, lakini alikuwa ameinua kichwa. Aliukunja ule ukurasa, akauweka sakafuni pamoja na wenzake. Mkononi alibaki na pini.

"Mstari ule ni mkwaruzo," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Waliokuwa karibu waliinama kumsikia, waliokuwa mbali wakauliza amesema nini. Akapaza sauti.

"Nimesema ni mkwaruzo! Niliukwaruza mimi, kwa pini hii, wiki yangu ya kwanza, kwa sababu karatasi ilikwama na mlikuwa mnanifokea. Hauna maana yoyote. Hauna upande wa wananchi wala upande wa viongozi. Ni uchafu, mheshimiwa, siku zote umekuwa uchafu. Fundi hajaiba kitu, mfungulieni. Nilitakiwa kusema siku ile ile, nikawaandikia salamu kurasa sita. Nisameheni. Na barua ya mtoto huyu ni barua. Ilikuwa barua tangu saa mbili asubuhi."

Waziri alishuka kutoka kwenye ndoo, kisha akapanda tena, kana kwamba amesahau lipi kati ya hayo lilikuwa na heshima zaidi. Walinzi walitazamana. Kwenye ngazi, mtu mmoja aliitoa karatasi yake mfukoni, akaitazama pembeni, akaipitishia kidole gumba, akaanza kucheka peke yake.

Makungu aliinua rula. Aliisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akitafuta mahali pa kuilaza; maneno ya Siwema hayakuwa na pembe. Mkono wake ukashuka.

"Sasa," aliuliza kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, "mimi nifanye nini, dada?"

Siwema alimshika Shija mkono, akachukua ile barua nyeupe, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mbele ya muhuri.

"Gonga," alisema, na waliokuwa uani walimsikia. "Gonga muhuri, kaka Makungu. Mtoto anataka kuona."